Udongo Mwekundu Miguuni mwa Albert

Kijiwe chetu kiko Baraka, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, mbele ya meza ya kahawa ya Mama Pulchérie, pale mapikipiki ya kupanda hadi mji wa Fizi yanapongojea abiria. Kila asubuhi tunakaa: Norbert, tunayemwita Radio kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea, Vainqueur, tunayemwita Avoka, yaani wakili, aliyefagia tribunali, ile mahakama, miaka sita akatoka na maneno ya sheria, na mimi. Wiki tatu Albert alikaa na sisi. Ndiye aliyevuta kamba juu ya shimo la dhahabu lililoporomoka mbali kule upande wa Lulimba, watu kumi na mmoja wakabaki chini. Jumatatu alipaswa kupanda Fizi kueleza mbele ya tribunali alichokiona. Jumamosi asubuhi walimkuta amekufa kwenye chumba chake cha kupanga, mlango umefungwa komeo kwa ndani.

— Miguu yake iko na udongo mwekundu, Radio akasema. Mubichi. Niliuona na macho yangu.

— Hapa kwetu iko muchanga tu, Mama Pulchérie akajibu, birika mkononi. Ule udongo umetoka wapi?

— Lulimba.

— Lulimba! Jana magaribi alikuwa hapa, akakunywa vikombe viwili.

— Njo maana, Avoka akasema. Haraka haraka haina Baraka.

— Hiyo inaingia wapi? Radio akauliza.

— Inaingia! Angebakia Lulimba, hangekufia Baraka. Mi nasema ni sumu. Mwenye shimo alituma muntu. Dosie imefungwa, kesi imekwisha.

— Sumu njo ilifunga komeo? Mama Pulchérie akauliza.

Avoka akanywa kahawa yake.

— Sikieni, Radio akasema. Ule maiti si Albert. Albert alivuka ziwa, iko anakula samaki ndagala Kigoma. Balilaza mwingine pale.

— Nyamaza, weye! Mama Pulchérie akasema. Kile kidole chake kilichokatwa na kamba, nilikishika miye mwenyewe leo. Ni yeye.

Radio akainama, sauti ikashuka.

— Basi niseme ile sikutaka kusema. Mama Divine, jirani yake, alfajiri alisikia bantu chini ya sakafu. Bengi. Banaita: Albert, vuta. Albert, vuta.

— Akavuta?

— Viganja vyake, Mama, si uliviona?

Mama Pulchérie alivitazama vyake mwenyewe. Alikuwa ameviona vya Albert: vimechunwa upya na kamba. Niliondoa miguu yangu chini nikaipandisha kwenye ubao wa benchi, na Avoka akafanya vilevile.

— Penye wengi haliharibiki neno, akasema polepole. Hakuna aliyemkosoa.

Ndipo mwanamke mmoja akashuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Kiswahili chake kilikuwa cha Burundi.

— Jambo, bapapa. Jambo, mama. Miye Renilde, natoka kambini Lusenda, kwa bakimbizi. Baliniambia Albert anakaa hapa asubuhi.

— Pole, dada, Mama Pulchérie akasema. Albert alikufa.

Renilde akashika kitambaa chake cha kichwani.

— Bwana yangu Kabura alichimba kule. Kwenye liste ya majina ya bale balikufa, jina lake haliko. Nyumbani hayuko. Nilikuja kuuliza neno moja tu: siku ile Kabura alishuka shimoni, ao hakushuka? Albert aliwaambia nini?

Tukatazamana. Asubuhi yake ya kwanza hapa, Albert aliweka kikombe chini akasema, "Nataka niwatajie majina yao. Wa kwanza kushuka…" Avoka akamfunika mdomo: masikio ni mengi hapa. Mara ya pili Radio akaanza kuimba kwa nguvu. Mara ya tatu mimi niliinuka nikasema nina kazi. Baada ya hapo alikuwa anakunywa kahawa tu, na majina hakuyataja tena.

— Dada, Avoka akaanza. Sisi…

Akachungulia ndani ya kikombe chake.

Renilde akatuangalia mmoja mmoja. Kisha akauliza tena, polepole, neno kwa neno, akidhani hatukusikia Kiswahili chake.