Fundi Kuramochi Tokuzo na Nguzo Ambayo Hakuipindua

Baba yangu, marehemu Fundi Kuramochi Tokuzo, alizaliwa tarehe 9 Februari 1944 katika kijiji cha Kamisawa, mkoa wa Iwate. Alikuwa mtoto wa nne wa mchoma makaa, Mzee Yasaku, na mkewe Bi. Ine. Theluji ya mwaka huo ilikuwa imeziba mlango, na mkunga aliingilia dirishani.

Alisoma shule ya kijijini hadi Machi 1959. Hesabu alizipenda, kuandika kulimchosha. Mwezi uliofuata alikwenda kujifunza useremala wa mahekalu kwa Fundi Hatakeyama, akafagia maranda miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika randa.

Katika miaka sitini ya kazi alijenga na kukarabati majengo kumi na manne, likiwemo lango la hekalu letu hapa, mwaka 1983. Sheria moja hakuivunja kamwe: nguzo husimama kama mti ulivyosimama mlimani, upande wa mizizi chini. Ikiwekwa kichwa chini miguu juu, wazee wetu husema, nyumba hulia, bahati huhama, na fundi aliyeiweka haitwi tena popote. Mwenzake, Fundi Onodera, alizoea kumtania, "Tokuzo bwana, hata vijiti vya kulia chakula unauliza mizizi yake ilikuwa upande gani!"

Tarehe 3 Novemba 1970 alimwoa Bi. Fusae. Siku ya kwenda kuposa alionekana akigonga nguzo za sebule kwa kidole. Babu, baba yake Mama, akamuuliza, "Kijana, umekuja kuoa au kukagua?"

"Nisamehe mzee. Nguzo nzima kabisa. Sasa naomba binti."

Walijaliwa mtoto mmoja, mimi Chizuru ninayewasomea.

Kazi yangu ni kuchora nyumba za michezo ya video huko Sendai. Mwaka 2017 nilimwomba Baba anifundishe majumba yetu ya zamani. Alinizungusha siku tisa, akanieleza kila kiungo, pamoja na habari za mbweha wanaojigeuza wanawake na kizuka cha mtoto anayekaa chumba cha wageni. Nikamuuliza, katika hayo yote, kipi kinatisha zaidi.

"Nguzo iliyopinduliwa," alisema. "Mbweha utamfukuza. Nguzo utaifanya nini?"

Nikaichukua hiyo hiyo. Katika mchezo wetu uliotoka mwaka 2019, nyumba imelaaniwa kwa sababu nguzo yake kuu imesimamishwa kichwa chini. Na mwishoni, nikidhani namheshimu, niliandika: Nyumba hii ni kazi ya Fundi Kuramochi Tokuzo.

Vijana wakaanza kuja hapa na simu zao, wakipiga picha lango na kutega masikio kwenye nguzo zake. Mwaka 2021 ukumbi mkuu wa hekalu ulihitaji nguzo mpya. Ni kazi ambayo Baba aliisubiri maisha yake yote, na miti alikwisha kuichagua. Ikapewa kampuni ya mjini. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Sugawara, alimwambia, "Fundi, si kwamba hatukuamini. Ila watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Hayo hayo aliyoyasema binti yako."

Jioni ile Baba alinipigia simu. "Chizu, kwenye huo mchezo wenu, jina langu limo?"

"Limo, Baba! Mwishoni kabisa, kwa herufi kubwa."

"Na nguzo ile, wameipindua?"

"Aa, Baba, ni mchezo tu. Nani ataamini?"

"Haya. Umekula?"

Hakunieleza zaidi ya hapo. Mama ndiye aliyeniambia yote, Oktoba 2023, Baba alipogunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Nilirudi kumuuguza. Nilikuwa na miezi saba ya kumwomba radhi, nami nikaimaliza kwa habari za uji na theluji. Nilimkanda miguu, akanishukuru, na kila asante yake ilinichoma. Aliaga dunia nyumbani tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini. Mama alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa jikoni, bado natafuta maneno.

Basi nayasema leo, nikiwa nimechelewa. Mzee Sugawara, na wanakamati mlioketi hapo mbele: Baba hakupindua nguzo hata moja. Niliyeipindua ni mimi, kwa kalamu, nikinywa kahawa. Juzi nimelifuta jina lake. Sasa mwisho wa mchezo panasomeka: Nyumba hii ni kazi ya Kuramochi Chizuru.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Fusae, dada yake, Bi. Kiyono, Fundi Onodera, aliyekuwa zaidi ya ndugu, majengo kumi na manne, na binti mmoja ambaye hakumwomba radhi.

Apumzike kwa amani, na jina lake lipumzike pamoja naye.