Kiti cha Nyuma cha Corolla

Nje ya duka la mikate la Doña Nereida, mjini Bayamón, kijiwe huanza kabla jua halijachoma: kahawa, mkate wa siagi, na kiti kirefu cha kijivu kilichotandikwa juu ya matofali. Hapo aliketi Eliut, waliyembandika jina la Injinia kwa kejeli: shahada anayo, kazi hana. Mbele yake Corolla ya mwaka themanini na sita, yenye turbo kubwa kama sufuria ya harusi, ilikuwa na bango la LINAUZWA kwa wiki ya saba. Mkewe Yarelis amebakiza wiki tatu ajifungue, na nyuma ya gari ni vyuma vitupu. Mtoto utamweka wapi?

— Bango ndilo baya, alisema Bisibisi, fundi wa mtaa. Andika HALIUZWI. Watakuja mbio.

— Na barua za kazi niandike SIAJIRIKI? Injinia alimkata.

— Wanaokuja kulijaribu ni wapelelezi wa bima, alidakia Redio, asiyenyamaza hata akila.

— Yule wa juzi alikuja na mama yake, Redio! Injinia alisema.

— Ndiyo mbinu yao!

— Sikieni, Bisibisi akanong'ona. Wajapani waliweka kidude kwenye dashibodi. Gari likijua linauzwa, linasusa.

— Limekubali turbo ya lori, lije lisuse kuuzwa? Injinia alitikisa kichwa. Mano, ndugu yangu, rudi shule. Au basi, usirudi. Mimi nilienda, unaona faida?

Akaja mzee mgeni mwenye kofia ya majani, Don Anselmo wa Ponce. Alilizunguka gari mara mbili, hata kuliwasha hakuomba.

— Kijana, mimi nalirudisha lilivyotoka kiwandani. Turbo baki nayo. Kiti chake cha nyuma kiko wapi? Bila hicho sinunui.

Redio aliingiza kichwa ndani ya gari kukitafuta. Injinia alikumbuka kuking'oa miaka sita nyuma ili gari liwe jepesi. Lakini akakipeleka wapi? Akilini alimwona Yarelis na tumbo lake.

— Ay bendito! Doña Nereida alipaza sauti dirishani. Hebu inukeni hapo mlipokaa!

Wakainuka. Don Anselmo akainama, akapapasa kitambaa cha kijivu cha kile kiti kirefu, akatabasamu kama aliyekutana na nduguye.

— Hata hakijachanika. Nachukua gari.

Injinia alicheka hadi machozi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Sasa sisi tutakalia nini? Bisibisi aliuliza, kikombe mkononi.

— Nawaletea shahada yangu, muitandike juu ya matofali.