Kaka Yetu na Neno Lililomchosha

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenituma mimi mdogo wa marehemu niwasomee wasifu wake, na mtaniwia radhi sauti ikinikauka, maana tumechoka.

Kaka yetu, ambaye kazini walimwita Bwana Asili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu, fundi cherehani, akiwa kifungua mimba, akaanza shule ya msingi mwaka 1958, kisha sekondari na chuo, na tarehe 2 Mei 1975 akaajiriwa katika ofisi ya kamusi, chumba cha chini jirani na mitambo ya kuchapa, kazi yake ikiwa kutafuta maneno ya Kiingereza yalikotoka.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mpiga chapa wa ofisi hiyohiyo, shemeji yangu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1984 alipewa neno "dog", yaani mbwa, na shemeji ameniruhusu nilitaje bila aibu, kwa kuwa lilikaa nyumbani kwake muda mrefu kuliko mgeni yeyote. Kaka alilifuata hadi Kiingereza cha kale, njia ikakatikia hapo, akabisha hodi kwa Wajerumani na Wafaransa, akakuta nao wameliazima kwa Waingereza walewale. Siku moja alisoma kwamba kuna lugha ya mbali sana inayomwita mbwa kwa neno hilohilo, akawanunulia ofisi nzima chai, na vikombe havijaoshwa mkuu wake akamweleza kwamba ni sadfa tupu, basi jioni hiyo hakula. Kanuni ya ofisi ilikuwa kwamba neno la namna hiyo liandikwe "asili haijulikani", naye akagoma, akisema hayo ni maneno ya mvivu, akastaafu mwaka 2011 na kulibeba neno hadi nyumbani, huku shemeji akimsihi aliache, naye akimwahidi kesho.

Alianza kuugua moyo Februari 2021, akalazwa mara kadhaa, na wiki yake ya mwisho alimwita binti yake mkubwa, ambaye sasa ndiye mhariri wa kamusi hiyo, akamwambia aandike kwamba asili haijulikani. Binti akamuuliza baba kama ana hakika, baba akajibu kwamba amechoka, na shemeji, aliyemwomba hivyo miaka yote, akatoka nje akalia, kwa kuwa alijua mumewe sasa anaaga. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, akiwa usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa ofisi ya kamusi waliomvumilia.

Pumzika kwa amani, kaka, mengine na tuyaache bila kuyajua.