Treni ya Kupinduka na Jani la Isale

Siku ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, Eliufoo Anaeli Nkya, mkulima wa kahawa na migomba wa Machame, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, alipanda ndege peke yake pale KIA kwenda Dubai, akamwacha kitandani mama yake mzazi, Bibi Elisifa, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye kwa wiki tatu alikuwa hali chochote isipokuwa vijiko vinne vya mtori mwepesi wa ndizi kwa siku. Alirejea Jumapili, tarehe 17. Kesho yake, Jumatatu, saa nne ya asubuhi, tulikuwa kijiweni petu Kwa Sadala, chini ya bati la duka lililofungwa, mvua ya vuli ikinyesha kwa siku ya tisa na mlima usionekane hata kivuli chake. Upande wa kushoto wa benchi alikaa Injinia, ambaye ubatizoni ni Valerian, fundi wa simu na redio. Katikati alikaa Askofu, yaani Denis, aliyepata jina hilo kwa kumshikia askofu mwavuli mara moja, mwaka 1994. Wa tatu alikuwa Holili, yaani Theodory, aliyewahi kuvusha vitunguu mpakani Holili, na tangu hapo anahesabiwa mtaalamu wa nchi za nje. Mimi huitwa Karani, kwa kuwa nilikuwa karani wa masjala mjini Moshi tangu tarehe 2 Januari 1979 hadi tarehe 30 Juni 2012, na ukoo wa Nkya walikuwa wakiniita kuandika mihtasari ya vikao vyao. Jovin, muuza kahawa, alikuwa amekwisha kutumiminia mzunguko wa kwanza.

Mezani, yaani juu ya kreti la soda, ilisimamishwa simu ya Injinia. Godbless, kijana wa kwetu anayeendesha teksi huko Dubai, alikuwa ametuma video ya sekunde kumi na tisa katika kundi la kijiji. Ilimwonyesha Eliufoo amevaa koti lake la kanisani, ameketi katika kigari cha mbele cha treni ndogo. Mkono wa mfanyakazi unashusha chuma kifuani pake na kukivuta mara mbili kuhakikisha kimekaza. Treni inaondoka, inapanda mwinuko kama ukuta wa nyumba, kisha inaporomoka na kugeuka miguu juu. Chini yake Godbless aliandika: “Mzee wetu anakula raha.”

Injinia: Ngoja niirudishe. Hapo. Mnamwona? Wenzake wote wanapiga kelele, yeye kafunga mdomo.

Askofu: Mama yuko kitandani anahesabu pumzi, mwana yuko angani anageuzwa kama chapati. Mtoto umleavyo.

Injinia: Hiyo inaitwa rola kosta, Askofu. Inakupandisha taratibu, halafu inakuachia.

Askofu: Na watu wanapanga foleni waachiwe?

Injinia: Saa nzima.

Askofu: Mimi mwaka juzi niliachiwa na tawi la mparachichi, bila foleni, na hakuna aliyenipiga picha.

Holili: Nyinyi shida yenu hamjatoka. Mimi nimefika Taveta.

Injinia: Taveta mtu anakwenda kwa miguu, Holili.

Holili: Nje ni nje. Sikilizeni niwaambie. Ile si michezo. Kule kuna matajiri wana mioyo mibovu. Wanatafuta moyo wa mtu wa mlimani, uliozoea hewa nyepesi. Sasa utaupimaje? Unampandisha mtu juu, unamwachia. Anayepiga kelele, moyo wake haufai. Anayenyamaza kama huyu, wanamwandika namba.

Askofu: Lakini amerudi.

Holili: Amerudi, ndiyo. Umemwona akicheka tangu jana?

Injinia: Acha kutupiga kamba. Eliufoo ana presha, huyo. Daktari wa kule alimwambia damu imekaa sana miguuni. Ukipinduliwa mara kadhaa inajipanga upya. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana inahitaji mashine.

Askofu: Methali hiyo haisemi hivyo.

Injinia: Inasema damu nzito. Mimi nimeeleza sababu.

Askofu: Mimi naona ni ibada. Petro mtume alisulubiwa kichwa chini. Kuna watu wanaanza kidogo kidogo, leo kigari, kesho wanakupa pete, keshokutwa unaota uko chini ya bahari unatia sahihi. Aliye juu mngoje chini, na huyu alikuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Utamngojea wapi?

Jovin alimimina mzunguko wa pili, akatuonya kwamba mkaa umeloa na birika halitajazwa tena. Injinia aliirudisha video, akaisimamisha pale treni ilipoanza kuporomoka, akakuza picha kwa vidole viwili.

Injinia: Kashika nini hapa? Kitu cha kijani.

Holili: Mirungi.

Injinia: Mirungi huwezi kuingia nayo Dubai ukatoka.

Holili: Basi ni dola.

Askofu: Dola gani ndefu namna hiyo? Lete hapa.

Askofu aliivuta simu karibu na pua. Alitazama kwa muda mrefu kuliko sekunde kumi na tisa. Kisha akairudisha juu ya kreti polepole, kama mtu anayerudisha kitabu cha nyimbo mahali pake.

Askofu: Hilo ni isale.

Mchagga hata awe amekulia mjini hulijua jani la isale, kwa kuwa limepandwa mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na juu ya makaburi ya wazee wake. Anayekuletea jani hilo amekuja kuomba msamaha, na desturi hairuhusu umkatalie, hata kama amekuulia mtu.

Injinia: Nani anaombwa msamaha kwenye rola kosta?

Holili: Labda dereva.

Injinia: Haina dereva.

Askofu: Na tangu lini isale likapelekwa na mkosaji mwenyewe? Linapelekwa na mtu wa katikati, mzee anayeheshimika, tena pamoja na pombe ya mbege. Ukilipeleka mwenyewe ni jani tu, kama la kufungia ndizi.

Holili: Utapitisha mbege KIA, wewe?

Injinia: Ngoja. Namuuliza Godbless.

Alimtumia Godbless ujumbe wa sauti. Tulisubiri, mvua ikipiga bati. Jibu lilikuja katika kundi la kijiji baada ya nusu kikombe, na sauti ya Godbless haikuwa tena ya mtu anayetania: “Kaka, yule anayemfunga chuma ni Gidioni, mdogo wake. Anafanya kazi pale mwaka wa sita. Mimi nilikuwa foleni nyuma nikarekodi bila kujua, nimekuja kuambiwa baadaye. Hawakusalimiana.”

Askofu: Gidioni. Yesu wangu. Yupo hai.

Injinia: Si angempigia simu tu?

Askofu: Gidioni hapokei namba ya nyumbani. Tangu 2003. Wewe ulikuwa mdogo. Gidioni ni kitinda mimba wa mzee Anaeli, na kwa mila nyumba ya wazazi na kihamba chake ni vya kitinda mimba. Mzee alipofariki ukoo ukakaa kikao. Gidioni alikuwa Tanga, bandarini. Hakutokea. Wazee wakasema asiyetokea hataki, wakampa Eliufoo. Gidioni akaja mwezi wa nane, akakuta migomba ya baba yake inapaliwa na vibarua wa kaka yake. Hakuingia hata ndani. Akageuka na begi lake.

Holili: Kwa nini hakuja kikaoni?

Askofu: Barua ya kumwita ilipotea posta. Kila mtu anajua. Bahati mbaya tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Injinia: La mkuu gani, kama barua ilipotea?

Askofu: Mimi nimesema methali, sijasema maelezo. Si ndiyo, Karani? Wewe ndiye uliyeandika siku ile.

Nilisema kwamba kahawa yangu imepoa.

Baada ya nusu saa hivi alifika Yuditha, binti wa kwanza wa Eliufoo, amejifunika mfuko wa salfeti kichwani, matope yamempanda hadi magotini. Alikuwa ameshuka kwa miguu kutoka nyumbani kwao.

Yuditha: Shikamooni.

Tukaitika, hata Injinia ambaye hamzidi sana umri.

Askofu: Bibi anaendeleaje, mwanangu?

Yuditha: Leo ameamka na akili zake zote. Ametaja hadi majina ya ng'ombe wa zamani. Ila baba tangu jana hajasema neno. Anakaa pale kitandani kwa bibi, bibi anamtazama, na yeye anatazama chini. Sasa mtoto wa jirani amesema mbele ya bibi kwamba huku kuna picha yenye Baba Mdogo Gidioni.

Injinia: Ipo.

Yuditha: Bibi amenituma niulize jambo moja tu.

Askofu: Uliza.

Yuditha: Anauliza, Gidioni amekonda?

Injinia aliirudisha video mwanzo. Tuliinama wote, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyemtazama Eliufoo. Katika sekunde ya nne mkono uliingia upande wa kulia wa picha, ukashusha chuma, ukakivuta mara mbili, ukatoka. Ulikuwa na mkono wa shati la buluu na glavu ya kijivu. Hakukuwa na uso wala shingo. Injinia aliirudisha mara ya pili, ya tatu, ya saba.

Holili: Glavu imejaa. Hajakonda.

Injinia: Glavu ni za kampuni. Zote zinakuwa kubwa.

Askofu: Anavuta kwa nguvu lakini. Mtu mgonjwa havuti hivyo.

Yuditha: Kwa hiyo nimwambie nini bibi?

Watu waliokuwa wamejua habari za mioyo ya matajiri, mpangilio wa damu na kifo cha Petro walitazama mvua. Jovin aliinamisha birika juu ya kikombe cha Askofu, yakatoka machicha tu. Yuditha alisubiri kwa adabu kadiri inavyofaa, akatuaga, akajifunika mfuko wake, akaanza kupanda.

Bibi Elisifa Nkya alifariki Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2024, akazikwa kihambani Jumanne, tarehe 3 Desemba. Tuliacha nafasi ya mtoto mmoja katika safu ya kutupa udongo, na nafasi hiyo haikujazwa. Tangu siku hiyo kijiwe kimekwisha kutunga habari ya safari ile, na inasimuliwa hadi sokoni: kwamba Eliufoo alikwenda kustarehe, kwamba alipomkuta mdogo wake alimpa isale kwa aibu, kwamba Gidioni alilitupa jani mbele ya Waarabu, na kwamba chanzo cha yote ni posta. Kwa kuwa nimeishi kwa kuweka kumbukumbu, naona ni wajibu kusahihisha.

Kwanza, Eliufoo hakwenda kustarehe. Alinieleza mwenyewe nyumbani kwangu, Alhamisi tarehe 21 Novemba, na alikuwa bado na alama nyeusi za chuma mabegani. Alikuwa amesikia tu kwamba Gidioni anafunga watu katika treni za kupinduka huko Dubai. Hakujua ni bustani ipi ya michezo. Anayefunga haonekani mpaka uwe umefika kwenye kigari, na ukishafika kwenye kigari hurudi nyuma. Alikwenda bustani tatu kwa siku nne, akapanda treni tano tofauti, akificha presha yake mlangoni. Alimpata Gidioni katika bustani ya tatu, siku ya Ijumaa. Alipanda treni hiyo mara sita. Kila mara alipofungua mdomo aseme alichokwenda kusema, chuma kilishuka na treni ikaondoka.

Pili, jani halikutupwa, au angalau hakuna aliyeliona likitupwa. Mara tano Eliufoo alipanda akiwa amelificha ngumini, ncha tu ikichungulia. Mara ya sita alilinyoosha. Gidioni alilitazama, akasema kwa Kiswahili, kama anavyowaambia abiria wote kwa lugha zao, “Vitu vyote viachwe sandukuni.” Akalichukua, akaliweka katika sanduku la abiria pamoja na miwani na mkanda wa Eliufoo. Treni iliporudi, sandukuni kulikuwa na miwani na mkanda. Gidioni alikuwa amemaliza zamu. Hayo ndiyo yote yanayojulikana, na Eliufoo, kwa kuwa hakujua kama amesamehewa au ameondolewa takataka, alishindwa kumwambia mama yake lolote, hata kama Gidioni amekonda.

Tatu, Askofu hukosea anaposema barua ilipotea posta. Niliiandika kwa mkono wangu Jumatatu, tarehe 16 Juni 2003, kumwita Gidioni Anaeli Nkya kwenye kikao cha Jumamosi, tarehe 5 Julai. Jumanne, tarehe 17, Eliufoo alikuja ofisini akaniomba niicheleweshe kidogo, nami nikakubali. Haikupotea. Ipo katika kabati langu, jalada la pili kutoka chini, anwani inasomeka vizuri, na stempu yake haijapigwa muhuri.