Gauni Jeupe Kwenye Dungu

Siku ile kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholindia ndege shambani, tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kike wa miaka minane, katekista wetu aliyefika kwa bodaboda akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na shangazi wa shamba la pili na wanawe wawili. Shangazi ni Mwislamu, wala si damu yetu, lakini ndivyo tunavyomwita. Majina nayaacha. Wenyewe wanajijua.

Wanajumuiya, baba alipofariki niliacha shule darasa la sita, nikamsaidia mama kulima mpunga. Mama naye alipofuata, tukabaki wawili. Msibani kila aliyetushika mkono alisema, "Bwana amemchukua." Ni maneno ya faraja, hata mimi niliyasema.

Kanisa liko mbali na kwetu, kwa hiyo nikaanza mwenyewe kumfundisha mdogo wangu nyumbani, nimwandae kwa Komunyo ya Kwanza. Kila jioni nilimwambia, "Jiweke tayari. Bwana anakuja saa usiyoijua." Ndugu zangu, nawaambia, mtoto huunganisha maneno kimya kimya, wewe huna habari.

Akaanza kulala na gauni lake jeupe la kanisani. Nikadhani utoto. Akapunguza kula. Nikienda kisimani, yuko nyuma kashika shati langu. Mpunga ulipoanza kuiva tukahamia kwenye dungu letu, naye akaja na gauni lile lile. Siku moja chini ya mkeka nikakuta kifurushi: kanga ya mama, rozari na kitana.

"Hiki cha nini?"

"Cha safari, kaka. Bwana akija kunichukua kama mama, asinikute sijafungasha."

Nikamwambia hachukuliwi sasa. Akaniuliza, "Una hakika?" Nani hapa ana hakika hiyo? Nikawa namtazama mikono inavyokonda, nikiogopa kwamba nitamzika na huyu. Ndipo nikampigia katekista simu.

Alifika jioni, mwezi wa Ramadhani. Kabla hajaketi, shangazi akatuita sote kwenye dungu lake, tufuturu pamoja. Mkeka umetandikwa, mihogo ya nazi inafuka moshi, wanawe wamekaa wima, wameoga, vikombe mkononi.

"We mlafi, shusha kikombe! Adhana bado!" mkubwa akamkaripia mdogo wake.

"Sijanywa! Nanusa tu!"

Mdogo wangu akawakazia macho. "Shangazi, hawa wanaogopa?"

"Waogope nini, mwanangu? Kutwa nzima wanaingoja hii. Huyu kashanawa mpaka maji ya ndoo yamekwisha."

Katekista akachutama mbele yake. "Yesu naye anakuja na chakula, binti. Komunyo ni meza. Tunajiweka tayari kama hawa."

Mdogo wangu akamgeukia. "Nikishakula, narudi nyumbani?"

"Unarudi na kaka yako. Na akikosa kukupikia pilau, njoo unishitakie."

Akacheka. Tangu msiba sikuwa nimesikia kicheko kile. Adhana ilipolia alikula mihogo hadi shangazi akamwongezea. Tuliporudi, akalivua gauni mwenyewe, akalikunja, akasema, "Hili la meza."

Asante, katekista. Asante, shangazi, na futari yako. Nanyi mnaofundisha watoto, kabla hamjamwambia mtoto ajiandae, mwambieni kwanza anayekuja ni nani, na kwamba anampenda.

Bado naamka kusikiliza kama anapumua. Jumapili ijayo anapokea Komunyo, na gauni limeshapigwa pasi. Lakini asubuhi hii, tukiwa njiani kuja hapa, aliniuliza, "Kaka, na mama alijua kwamba anaitwa mezani, au aliogopa?"

Nikamwambia nitamjibu. Deni hilo sijalilipa.