Miaka Elfu Sita au Mamilioni: Kitabu cha Hallie

Benchi letu liko mbele ya duka la vyakula vya mifugo, hapa kwetu milimani Arkansas, na linatosha watu wanne, au watatu wakiwa na adabu. Kahawa inatoka kwenye birika la mwenye duka. Imeungua, lakini ya bure, kwa hiyo tunainywa huku tunaisema. Wa kwanza kufika ni Futi Mia, aliyechimba visima miaka hamsini mpaka mashine ikamla masikio. Wa pili ni Profesa. Jina hilo tulimpa kwa sababu aliendesha basi la shule. Shuleni kwenyewe alikuwa anaishia getini. Wa tatu mimi, Oleta, niliyeacha darasa la tano nikaenda kumenya nyanya kiwandani. Hilo ndilo baraza la wasomi lililokuwa limeketi Jumanne ile, mkwe wangu Shawna alipotuachia vitabu viwili benchini akaingia ndani kununua chakula cha kuku.

Shawna anamfundisha mjukuu wangu Hallie nyumbani, kama wengi huku. Alhamisi mtoto huenda ukumbi wa kanisa, kwenye kikundi cha akina mama wanaofundisha watoto wao pamoja. Huko ndiko kwenye hadubini, vyura wa kupasua, na marafiki zake wote watatu. Sasa Marvella, mkuu wa kikundi, katoa fomu: kila mzazi asaini kwamba mtoto wake atasoma sayansi kwenye kitabu cha kanisa, kile cha dunia ya miaka elfu sita. Asiyesaini abaki na mtoto wake nyumbani. Mwisho saa sita mchana, siku hiyohiyo. Na Hallie anataka kuwa daktari wa mifugo, na mama yake anaogopa asije akafika chuoni akawa anachekwa, ndiyo maana alinunua na hicho cha pili, cha dunia ya mamilioni ya miaka.

Futi Mia: Hiki cha kanisa kizito. Karatasi nzuri.

Profesa: Unapima kitabu kama nguruwe?

Futi Mia: Nilichimba kisima kwa akina Hensley, futi mia tatu chini, nikatoa makombe ya bahari. Bahari, hapa! Ni gharika hiyo, bwana. Nuhu alipita huku.

Profesa: Alipita anakula makombe? Palikuwa bahari, mzee. Mamilioni ya miaka.

Futi Mia: Uliiona?

Profesa: Wewe Nuhu ulimwona?

Mimi: Kwa sura zenu, yeyote kati yenu angeweza kuwa amemwona.

Profesa: Haya, dinosaria walienea vipi kwenye safina?

Futi Mia: Nuhu alipakia mayai. Trei mbili.

Profesa: Akayaatamia nani?

Futi Mia: Mkewe. Wanaume walikuwa na usukani.

Mimi: Hilo tu ndilo ninaloliamini tangu umekaa hapa.

Profesa akaona anashindwa, akavua kofia.

Profesa: Basi niwaambie. Hawakufa. Wako mapangoni, chini ya miguu yetu. Mnadhani chemchemi ya Blevins inanguruma kwa nini? Nimepita pale na basi miaka thelathini. Watoto sitini mashahidi!

Futi Mia: Ningesema mimi mngeniita mwongo. Niliwahi kutoboa pango, chuma kikarudi kina alama za meno.

Profesa: Meno kiasi gani?

Futi Mia: We acha tu.

Wakapeana mikono. Ndiyo mara ya kwanza wanakubaliana mwaka huu, na hakuna kitabu hata kimoja kati ya viwili ambacho kingewakubali.

Shawna akatoka na gunia begani, fomu mkononi.

— Mama, imefika saa tano na nusu. Nisaini?

— Biblia naisoma kila siku na naiamini, nikamwambia. Lakini ng'ombe akikwama kuzaa simwimbii, nampigia daktari. Na hapohapo sitaki mtoto akae jikoni mwaka mzima na kitabu, peke yake, kama mgonjwa.

— Kwa hiyo nisaini, au nisisaini?

— Nimeshasema ninachojua. Kimeishia hapo.

Mlango wa pikapu ya Shawna ukafunguliwa. Alikuwa Hallie, miaka kumi na moja; vioo vilikuwa wazi, kasikia yote, hadi habari za meno.

— Bibi, nikiuliza Alhamisi kitu ambacho hakimo kitabuni, nitajibiwa au nitaombewa?

Futi Mia akajifanya hasikii. Profesa akachungulia kikombe chake, kitupu kabisa. Mimi nikamgeukia mama yake.

Shawna akaitandaza fomu juu ya boneti. Pale pa sahihi akaandika swali la mtoto, neno kwa neno, herufi kubwa.

— Panda, mwanangu. Twende kwa Marvella, ukamuulize mwenyewe.

— Akikasirika?

— Nitakuwa nyuma yako.

Wakaondoka, vitabu wametuachia.

Futi Mia: Marvella atasemaje?

Mimi: Atafoka kwanza. Kufikiri kwake huja baada ya kufoka.

Profesa: Na akisha kufikiri?

Nikageuka kutazama barabara waliyoshika. Saa sita ikapita, na hakuna aliyeinuka kwenda kula.