Wavu wa Tangi la Pweza

Kijiwe kiko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi: benchi moja, birika la kahawa, vikombe vinne, kimoja kimevunjika mkono. Wenyewe ni watatu. Kinyozi. Redio, fundi wa redio ambaye mwenyewe hazimiki. Na Ofisa, aliyewaambia kwa miaka sita kwamba yuko "idara ya bahari", asitaje anashika kazi gani huko. Jioni hiyo Ofisa aliketi kimya, suruali imelowa hadi magotini, shombo inamtangulia.

— Ofisa, mafaili mmeyahamishia majini? Kinyozi akamchokoza.

— Ana mke mdogo, muuza samaki, Redio akadakia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu kakunjwa yeye!

— Mke wapi! Kinyozi akapinga. Anapitisha magendo. Almasi, matumboni mwa samaki.

— Basi jini la baharini. Likikupanda unanuka shombo na ulimi unakufa. Si huyo, bubu!

Wakacheka. Ofisa alikuwa akitazama vidole vyake, vimenywea kwa maji.

— Nafuga pweza, akasema.

— Unafuga nini?

— Pweza. Nawalisha kaa, nawasugulia matangi, nawazalisha. Ofisi sina. Sijawahi kuwa nayo.

Kinyozi akashusha kikombe.

— Sasa hilo ndilo la kukunyong'onyeza hivyo?

— Kuna jike lilitaga. Siku arobaini halili, linayapulizia mayai maji. Nikilitupia kaa, linamsukuma. Leo alfajiri wakaanguliwa, maelfu, kila mmoja kama punje ya mchele. Lakini jana niliuvua wavu wa bomba la kutolea maji ya tangi niuoshe, sikuurudisha. Nilikuwa na haraka ya kuja hapa, niitwe Ofisa. Wote wamekwenda na maji. Mama yao akafa mchana. Majike hufa tu, wakishaangua. Mkubwa wangu wa kazi nimemwambia wavu ulipasuka.

— Umejipalia makaa kama pweza, Redio akasema.

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Dada yake Kinyozi, mkunga, alikuwa amefika kuchukua ufunguo wa nyumba, akasimama kusikiliza.

— Ofisa, yule mama, akauliza, alipokufa alijua kwamba wanawe hawapo?

Kinyozi akainamisha birika, likatoa machicha ya kahawa.

Ofisa aliinuka bila kuaga, akashika njia ya kazini, kwa mkubwa wake.